Kikapu cha Bibi Chageuka Mkoba wa Mjini

Siku hizi si ajabu kumwona mama, nadhifu kwa kwenda kazini, ametundika kikapu begani. Lakini hicho si kikapu cha sokoni. Ndani kimetiwa bitana, juu kina zipu, na mishiko yake ni ya ngozi. Umbo lake, hata hivyo, ni lile lile alilolijua bibi yake.

Katika nyumba za Kang'ata na vijiji vingine vya Handeni, kikapu, ungo na kibuyu havikuwa mapambo. Kikapu kilibeba mahindi, ungo ulipepeta, kibuyu kilihifadhi maji. Leo mafundi wa mikoba, hapa na ng'ambo, huviiga vyombo vya namna hiyo.

Mwaka 2017 kampuni ya Balenciaga ya Paris ilitoa mkoba wa ngozi uliofanana mno na mfuko mkubwa wa bluu wa maduka ya IKEA. Mfuko wa dukani uliuzwa kwa senti 99 za dola. Mkoba ule, dola 2,145. Kumbe kitu cha kawaida chaweza kuleta fedha nyingi. Swali ni: fedha hizo humfikia nani?

Jirani zetu wa Kenya walikutana na swali hilo mapema. Kiondo, kikapu kilichosukwa na akina mama wa Kikamba na Kikikuyu, kilipendwa sana Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970 na 1980. Baadaye viwanda vya Asia vikakiiga kwa mashine na kuuza kwa bei ya chini. Msusi wa kijijini alibaki na ujuzi wake, lakini soko likamponyoka.

Sisi malighafi tunayo. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000, ni 62 tu iliyosalimika. Kutokana na hiyo yalienea mashamba ya Tanga, likiwemo la Ngombezi, Korogwe. Hata hivyo, kilo 100 za majani yanayopita katika korona hutoa singa kama kilo nne tu. Kisha singa hutiwa rangi na kusokotwa kuwa uzi, ndipo kusuka kuanze. Ukindu nao husukwa kwanza kuwa ukili, halafu ukili hushonwa duru baada ya duru. Hiyo si kazi ya asubuhi moja.

Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki, ile iliyoitwa rambo, ilipopigwa marufuku nchini, kikapu kimepata nafasi mpya. Basi, mama, unaponunua mkoba wa namna hii, ugeuze utazame mshono wa chini. Vuta mishiko uone kama imeshikwa barabara. Ukilowa, uanike kivulini, usije ukapauka rangi. Na bei usiikate kana kwamba wanunua mchicha wa jioni. Hesabu siku za kazi, rangi, bitana na zipu.

Nawe msusi, andika gharama zako zote kabla ya kutaja bei, na ukubaliane na wenzako msiuziane chini. Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini hakijipangii bei.