Karabai Inayowaka Mchana

Mteja wa vitabu vya mitumba husoma amesimama, mkoba begani, jua la mtaa wetu wa Buyenzi likimchoma kisogo, na nyuma yake fundi anagonga bodi ya gari. Watu hawa nimewatazama miaka mingi, kwanza katika soko kuu la Bujumbura mpaka lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, kisha hapa kwenye meza yangu ya sasa. Mteja akifungua ukurasa wa kwanza, mimi natazama miguu yake. Kitabu kikimnasa, mguu mmoja unalegea na bega linatafuta nguzo ya kuegemea. Kisipomnasa, anafunga, anauliza bei, na bei yoyote nitakayotaja itakuwa kubwa.

Hadithi za upelelezi ndizo zinazohukumiwa haraka kuliko zote. Nazo ndizo nizipendazo, kwa hiyo nimejiuliza sana kinachomlegeza mtu mguu.

Si damu. Waandishi wengi chipukizi hudhani ni damu, wakamuua mtu katika sentensi ya kwanza kabla hatujamjua jina wala kazi yake. Katika mji huu watu wazima wameona maiti za kweli. Damu ya kitabuni haiwavuti. Wengine inawafanya wakirudishe kitabu mezani taratibu, bila neno.

Tazama alivyofanya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar katika Mzimu wa Watu wa Kale. Kisa hicho kilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, kikachapishwa 1960, kikatuletea Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi ambaye undugu wake na Sherlock Holmes hauna kificho. Maiti ya tajiri mwenye mashamba inakutwa mzimuni, mahali ambapo watu hupeleka sadaka zao kwa hofu. Sasa msomaji ana majibu mawili kichwani kabla hajaulizwa chochote: wamemuua wazee wa kale, au amemuua binadamu anayejua kwamba wazee wa kale watasingiziwa? Majibu hayo yanavutana, naye yuko katikati. Mzimu ungekuwa kichaka tu, maiti ile ingekuwa habari ya polisi.

Faraji Katalambulla hakungoja hata ukurasa wa kwanza. Simu ya Kifo, 1965: jina limekwisha kumaliza kazi. Wakati ule simu ilikuwa kitu cha ofisini na cha wenye uwezo, chombo cha kuletea habari. Kumbe kinaweza kuleta na kifo. Jalada lile bado linasimamisha watu mezani kwangu, na wengi wao wamezaliwa na simu mkononi.

Lakini ufundi huu ni wa zamani kuliko vitabu. Bibi yangu, jioni, mihogo ikiwa jikoni, alikuwa akisema kwa Kirundi, "Sokwe!" nasi tukaitikia, "Niruze!" Upande wa Kiswahili tunasema, "Kitendawili!" na wanaosikiliza wanajibu, "Tega!" Lisikilize neno hilo vizuri. Ndilo neno la mwindaji na mtego wake. Msikilizaji anaomba mwenyewe kutegwa, kwa ridhaa yake, na anafanya hivyo kwa imani moja: kwamba mtegaji analo jibu. Akishindwa atatoa mji, na mtegaji atafungua fumbo. Mtu anayetega bila jibu amewaibia watu jioni yao.

Hilo ndilo nililomwambia mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyeniletea daftari lake mwaka jana. Kurasa mbili nzima zilikuwa za ziwa Tanganyika: upepo, mawimbi, milima ya Kongo ng'ambo, jua likichomoza. Uzuri tupu, na mguu wangu haukulegea. Ukurasa wa tatu, katikati, ndipo nilipokuta mtumbwi wa wavuvi wa ndagala umekwama mchangani saa tatu asubuhi. Ndani hamna mtu. Karabai bado inawaka.

"Mwanangu," nikamwambia, "hadithi yako inaanzia hapa. Haya mengine yatoe."

Alinyamaza. Nilijua inauma, ziwa lile alikuwa amelifanyia kazi.

"Sasa niambie, kwa nini karabai inawaka mchana?"

"Sijui bado, Mzee. Nilitaka tu ivutie."

Nikamrudishia daftari. Sikumkaripia, maana kitu chenyewe alikuwa amekipata: taa ni ya usiku, yeye ameiweka juani, na kila apitaye atauliza. Nilimwambia aende ufukweni akazungumze na wavuvi wenyewe, halafu arudi.

Alirudi baada ya wiki mbili, ananuka samaki, daftari limelowa pembeni. Hakukaa hata kunisalimu vizuri.

"Mzee, karabai haijiwakii yenyewe mpaka asubuhi. Usipoipiga pampu, mwanga unafifia mpaka unakufa. Wameniambia wote."

"Enhe?"

"Yangu inawaka vizuri kabisa, saa tatu. Basi kuna mtu aliyeipiga pampu muda si mrefu. Baada ya wavuvi kutoweka."

Nilisogeza rundo la vitabu, nikamvutia kigoda, nikamwomba ukurasa wa nne.