Divai Nyekundu za Ujerumani (4): Bonde la Ahr

Magazeti yameanza tena kuleta habari za bonde la Ahr, ambako kazi ya kujenga upya yaliyobomolewa na gharika ya Julai 2021 ingali ikiendelea, nami, niliyelipenda bonde lile kwa miaka mingi, nimeona niviahirishe kidogo vyakula vya kuandamana na divai nilivyoahidi juma lililopita, ili niseme kwanza juu ya watu wailimao mizabibu ya Spätburgunder, zabibu zitoazo divai nyekundu ya huko.

Katika karne ya 19 mkulima wa Ahr alikuwa fukara wa mafukara: shamba lake vijiwanja vilivyong'ang'ania majabali, ghala hana, na kwa kuwa zabibu zikishaiva hazingoji, bei aliitaja mchuuzi, na mkulima aliyeshindwa kustahimili alifunga mizigo akahajiri Marekani. Ng'ambo ya mto Rhine, si mbali sana na hapo, alikuwapo Friedrich Wilhelm Raiffeisen, ambaye akiwa meya wa Weyerbusch wakati wa njaa ya 1846 na 1847 aliwashawishi wenye uwezo wachange fedha, wakanunua unga, wakajenga tanuri la kijiji, na maskini wakapewa mkate kwa mkopo; na mwaka 1866 akatoa kitabu kueleza jinsi vyama vya kukopeshana viwezavyo kumwokoa mkulima na wala riba. Mwaka 1868 wakulima wa Mayschoß, kijiji cha bonde la Ahr, nao wakaunda chama chao cha ushirika, kilicho miongoni mwa vyama vikongwe kabisa vya wakulima wa mizabibu duniani: zabibu za wote zikakamuliwa pamoja, na mchuuzi akajikuta anajadiliana na kijiji kizima. Wako wanaolidharau neno ushirika kwa sababu waliwaona makatibu waliokula fedha za wanachama. Lakini hiyo ni hoja juu ya makatibu.

Usiku wa tarehe 14 Julai 2021 mto Ahr, ambao kwa kawaida ni kijito tu, ulifura ukaua watu zaidi ya 130 bondeni na kuyazoa mapipa maghalani. Ulikwisha fanya hivyo mwaka 1804, ukarudia 1910, na kila mara watu walijenga palepale, kwani binadamu ni mwepesi wa kusahau. Chupa zilizofukuliwa topeni ziliuzwa na tope lake bila kuoshwa, zikakusanya euro zaidi ya milioni 4, na wakulima wa mabonde mengine, ambao sokoni ni wapinzani, wakaja kusaidia mizabibuni.

Vyakula sasa, kwa ufupi, maana nafasi imekwisha. Spätburgunder kavu ya Ahr ni nyepesi, ina harufu ya cheri na ukakasi mdogo, hivyo pilipili huiua. Yafaa na nyama ya paa iliyookwa, na uyoga wa siagi, na bata aliyeandaliwa kwa kabichi nyekundu iliyopikwa na tofaa, siki na karafuu, kiungo ambacho Mwunguja hahitaji kuelezwa. Nyama ya ng'ombe iliyolowekwa katika siki siku kadhaa, kama waipendavyo watu wa Rhine, huwa na mchuzi wa zabibu kavu, na utamu ukizidi divai kavu huonekana chachu. Basi zabibu zipunguzwe. Nyama ya kukaanga yenye vitunguu vingi iachiwe divai ya Lemberger ya Württemberg, iliyo nzito zaidi. Chupa ya Spätburgunder ipozwe hadi nyuzi 16 hivi. Dornfelder, aina ya zabibu iliyozalishwa Weinsberg mwaka 1955, itafuata juma lijalo.