Usikubali fundi afute laptopu kabla hujatazama haya

JUMAMOSI moja asubuhi, jirani yangu hapa Nyanza-Lac alinibishia hodi akiwa amebeba laptopu aliyoifunga ndani ya kitenge, utadhani ni mtoto mgonjwa.

"Mwalimu, nisaidie," alisema kabla hata ya kuketi. "Mashine imekataa neno langu la siri. Fundi anasema dawa yake ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya."

Mama huyu huleta dagaa na vitenge kutoka Kigoma. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na madeni ya miaka mitatu: nani kachukua nini, kalipa kiasi gani na kabakiza ngapi. Nakala nyingine hakuwa nayo, si kwenye karatasi wala kwenye flashi. Kufuta mashine kulikuwa sawa na kuwasamehe wadaiwa wake wote kwa siku moja.

Nilimwuliza swali moja tu: nani aliitumia mara ya mwisho? Akajibu kwamba usiku uliotangulia mtoto wa dada yake aliandika barua ya Kifaransa. Hapo nilipata matumaini, kwa sababu ugonjwa huo uliwahi kunipata mimi mwenyewe.

Kibodi nayo huvuka mpaka

Mimi nilisoma Ulyankulu, mkoani Tabora, walikokimbilia wazazi wangu mwaka 1972. Kompyuta ya kwanza niliyoigusa ilikuwa na kibodi ya Kiingereza, ile ambayo safu yake ya juu ya herufi inaanza na Q. Niliporudi Burundi mwaka 2009 nilikuta kibodi za Kifaransa zinazoanza na A, nikawa naandika kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya wanafunzi wangu.

Sasa, laptopu iliyonunuliwa Tanzania inaweza kuongezewa mpangilio wa Kifaransa bila herufi za juu ya vitufe kubadilika. Ukibonyeza A inaandika Q. Ukibonyeza W inaandika Z. Ukibonyeza M unapata mkato. Hata tarakimu za safu ya juu hazitoki mpaka ushikilie Shift. Kwa kuwa neno la siri huonekana kama vidoto tu, mwenye mashine haoni kosa. Yeye anaona amekataliwa.

Tiba yake haina gharama. Tazama pembeni chini ya kioo kama pameandikwa FRA au ENG. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kile kirefu cha kuachia nafasi, mpangilio utabadilika. Ukitaka kuhakikisha, bofya alama ya jicho iliyo kando ya neno la siri uone unachoandika.

Hesabu na saa

Mpaka huo huo huingia hata kwenye hesabu. Kwa mtindo wa Kiingereza, mkato katika 1,500 hutenga maelfu. Kwa mtindo wa Kifaransa, mkato huo ni alama ya desimali, hivyo Excel iliyowekwa Kifaransa itasoma moja na nusu. Mfanyabiashara akiona jumla imepungua ghafla, humshuku kijana wa dukani. Kabla ya kumfukuza mtu kazi, andika elfu moja na mia tano bila mkato wala nukta, yaani 1500, kisha ujumlishe tena.

Aidha, kumbuka kuwa saa ya Burundi iko nyuma ya ile ya Tanzania kwa saa moja. Hilo ni dogo. Tatizo kubwa ni tarehe ikirudi nyuma miaka mingi kila unapozima mashine. Hapo kurasa nyingi za intaneti, zikiwemo za benki, zitagoma kufunguka zikidai si salama. Katika laptopu nyingi za zamani, chanzo ni betri ndogo ya mviringo ya ndani iliyokwisha. Hubadilishwa bila kugusa mafaili.

Ikiwa haiwaki kabisa

Anza na umeme. Plagi za Tanzania zina meno matatu bapa, ilhali soketi zetu zina matundu mawili ya mviringo, na vile viunganishi vya sokoni mara nyingi hulegea. Jaribu soketi nyingine na utazame taa ya chaja. Ukiazima chaja, volti zake ziwe sawa na za kwako, na ampea zisipungue.

Kama bado, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha chomeka chaja na uwashe. Feni ikilia lakini kioo ni giza, mulika kioo kwa tochi. Ukiona picha hafifu, kilichokufa ni taa ya kioo. Mafaili yako yapo.

Lakini ukisikia diski ikigonga ndani, zima mara moja na usiendelee kujaribu. Mwambie fundi aokoe mafaili kwanza. Na betri iliyovimba isitumike tena, isitobolewe wala kutupwa motoni.

Fundi ni mtu muhimu, simkatazi mtu kwenda kwake. Ila kabla ya kumkabidhi mashine, mwulize: mafaili yangu utayaweka wapi kabla ya kufuta? Asipokuwa na jibu, ondoka na mashine yako.

Kwa jirani yangu kazi ilichukua chini ya dakika moja. Nilibonyeza vitufe viwili, FRA ikawa ENG, naye akaandika jina la binti yake wa kwanza pamoja na mwaka aliorudi nyumbani. Mashine ikafunguka. Alisoma majina ya wadaiwa wake kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayeita mahudhurio, akahakikisha hakuna aliyetoroka.

Hakuondoka mpaka tumenakili kila kitu kwenye flashi mbili. Moja anayo yeye, nyingine aliipeleka kwa dada yake Manyovu, ng'ambo ya mpaka. Sisi tuliowahi kukimbia na kuacha kila kitu nyuma hatuhitaji kufundishwa mara mbili kwamba kitu cha thamani hakiwekwi mahali pamoja.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari kusini mwa Burundi.