Mtoto akimaliza shule ya msingi awe anajua nini?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa darasa la saba yakitoka, swali kijijini huwa moja: amefaulu au hajafaulu? Ni wachache wanaouliza swali la pili: baada ya miaka yote ile ya kuamka alfajiri kwenda shule, mtoto huyu anajua nini? Leo tumelileta swali hilo kwa sababu shule ya msingi yenyewe inabadilika, na mzazi anayesubiri matokeo peke yake anaweza kuchelewa kujua kwamba mtoto wake amekosa kitu.

Nini kimebadilika?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi nchini Tanzania kutoka miaka saba hadi sita. Mtaala mpya ulianza kufundishwa Januari 2024 kwa watoto wa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Walioingia darasa la tatu mwaka huo wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao wa darasa la saba walio kwenye utaratibu wa zamani. Makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza mwaka 2028. Sera hiyo pia inataka kila mtoto asome miaka 10 ya lazima, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari.

Kwa mzazi maana yake ni hii: mwaka mmoja umepungua. Mtoto aliyefika darasa la tatu hajui kusoma, zamani alikuwa na miaka mitano ya kumkimbiza. Sasa ana minne.

Masomo yenyewe ni yapi?

Darasa la kwanza na la pili mkazo uko kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kiingereza nacho sasa kinaanza darasa la kwanza. Kuanzia darasa la tatu mtoto anasoma Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na Dini.

Wazazi wengine wakiiona orodha hiyo husema ni ndefu mno, na kwamba michezo na sanaa vingeachwa ili watoto wasome "masomo ya maana". Hebu tuyaangalie masomo hayo tukiwa nyumbani na shambani kwetu, tuone kila moja linampa mtoto nini.

Kusoma na hesabu

Chukua chupa ya dawa ya kunyunyizia mahindi. Kwenye karatasi yake kuna utepe wa rangi. Mwekundu ni sumu kali zaidi, kisha njano, bluu na kijani; hata ya kijani bado ni sumu. Pale pameandikwa pia kipimo. Tuseme ni mililita 30 kwa lita 15 za maji, na bomba lako la kupulizia ni la lita 20. Mtoto aliyefundishwa vizuri atakuambia uweke mililita 40. Aliyekariri tu atakutazama.

Au chukua gunia la mazao. Mnunuzi anataka lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza. Tuseme bei ni shilingi 800 kwa kilo. Gunia la kilo 100 ni shilingi 80,000. Ukimjazia kilo 120 kwa bei ileile, umempa shilingi 16,000 bure kwa kila gunia. Hiyo ni hesabu ya kuzidisha na kutoa, tena ya shule ya msingi. Mtoto anayeweza kuifanya mbele ya mnunuzi ameiokoa familia.

Lugha nayo ina uzito wake. Watoto wengi wa vijijini huanza shule wakizungumza Kisukuma, Kigogo, Kimasai au lugha nyingine ya nyumbani. Wanajifunza Kiswahili na kusoma kwa wakati mmoja, na Kiingereza juu yake. Usiache kuwasimulia hadithi na kuwategea vitendawili kwa lugha ya nyumbani. Mtoto aliyezoea kusikiliza, kufikiri na kujibu kwa lugha yake anaingia darasani akiwa na akili iliyochangamka.

Sayansi na mazingira

Mtoto wa darasa la tano aweze kueleza kwa nini maji ya kunywa yanachemshwa, mbu anazaliana wapi, na kwa nini choo kinakaa mbali na kisima. Mdogo wake akiharisha na zahanati ni mbali, ajue kuchanganya maji ya kumpa njiani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, bila kuzidisha chumvi. Hii haichukui nafasi ya zahanati. Inasaidia mgonjwa afike akiwa hai.

Historia na maadili

Somo hili watu hulidharau kwa kudhani ni la kukariri majina na tarehe. Lakini mtoto anayejua serikali ya kijiji inavyofanya kazi atakuwa mtu mzima anayejua kwamba mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kwamba ana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Maadili pia yanamfundisha kwamba mwili wake ni wake, na kwamba mtu mzima akimgusa vibaya aseme, hata kama mtu huyo ni ndugu au jirani.

Sanaa na michezo

Mtoto asiyejua kusoma vizuri huenda ndiye nahodha wa timu, au ndiye mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya. Hapo ndipo anapopata sababu ya kurudi shuleni kesho. Michezo inafundisha kufuata kanuni, kushindwa bila kugombana na kumpa mwenzako pasi. Ufinyanzi, kusuka na kuchora vinafundisha mikono kazi, na mikono hiyohiyo itashika nyundo, cherehani au bomba la sindano. Mashindano ya UMITASHUMTA yanaonyesha vipaji vingi, lakini yeye asiyechaguliwa kwenda kushindana naye anahitaji kipindi chake.

Tatizo liko wapi?

Mtihani ukikaribia, shule nyingi huweka pembeni visivyo na mtihani. Michezo inaondoka, sanaa inaondoka, watoto wanabaki kufanya majaribio asubuhi hadi jioni. Kwa kuwa maswali mengi ni ya kuchagua jibu, mtoto anaweza kuzoea kuchagua herufi sahihi na bado akashindwa kuandika barua ya nusu ukurasa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba shule ya msingi ilikuwa imegeuzwa ngazi ya kwenda sekondari, wakati watoto wengi hawakufika huko. Alitaka elimu ya msingi iwe na faida yenyewe. Ndipo mashamba ya shule yakawa mengi. Kwa bahati mbaya, mahali pengi shamba liligeuka adhabu: mchelewaji akalime. Shamba la shule linafundisha pale tu mtoto anapopima mstari, anapohesabu mbegu, anapoandika mavuno na kujua fedha zimekwenda wapi.

Tusiwalaumu walimu peke yao. Shule nyingi za vijijini zina watoto wengi kuliko mwalimu mmoja anavyoweza kuwafikia, na mtoto mwenye njaa hafundishiki. Mchango wa uji shuleni nao ni sehemu ya masomo.

Ufanye nini wiki hii?

Jioni moja mpe mtoto wako mambo matatu. Kwanza, asome kwa sauti kipande cha kitabu au tangazo, kisha akueleze kwa maneno yake kimesema nini. Pili, mtume dukani, akirudi akuhesabie chenji na akuonyeshe ameipataje. Tatu, aandike ujumbe mfupi kwa bibi yake kueleza alichojifunza wiki hii. Kama wewe hukusoma, mwombe mtoto mkubwa au jirani asimame karibu. Akishindwa, usimpige wala usimcheke. Nenda kamwone mwalimu wa darasa mkiwa bado na muda, usingoje mwaka wa mwisho.

Kama una simu yenye intaneti, vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka kwenye Maktaba Mtandao yake. Unaweza kuona mtoto wa darasa lake anatakiwa awe amefika wapi.

Na mkutano wa wazazi ukiitishwa, uliza pamoja na michango: ratiba ya darasa la sita ina vipindi vingapi vya sanaa na michezo, na vinafundishwa kweli? Watoto wangapi wa darasa la tatu hawajui kusoma, na mpango wa kuwasaidia ni upi? Kamati ya shule ina wawakilishi wa wazazi, na maswali hayo ni kazi yao kuyafuatilia.