Chetezo Kilichokatika Shingo

Chetezo cha marehemu nyanya kiliniponyoka mkononi Alhamisi moja baada ya sala ya magharibi, makaa yamo ndani na ubani umekwisha kuanza kunukia. Hakikuvunjika vipande vingi. Kilikatika mahali pamoja tu, pale kikombe kinapokutana na mguu, utadhani mtu kakipitishia msumeno.

Sisi tumekaa Likoni, na tangu nipate akili sikumbuki usiku wa Ijumaa uliopita nyumbani kwetu bila ya moshi wa chetezo hicho. Nguo za arusi za dada zangu zilifukizwa nacho. Siku alipotolewa nyanya mwenyewe kilikuwa mlangoni. Basi msomaji ataelewa kwa nini sikuthubutu kumwambia mama habari ile mpaka asubuhi.

Kwanza nilikiunga kwa gundi ya dukani. Ilishika siku mbili. Makaa yalipotiwa ikalainika na kutoa harufu iliyoushinda ubani. Nikajaribu saruji, nayo ikapasuka kwa joto. Jirani yetu mmoja akanicheka: "Wahangaika na nini? Kitu cha udongo kipeleke kwa wenye udongo. Nenda Jomvu Kuu."

Jomvu Kuu, kwa asiyepajua, ni mji wa kale wa Waswahili katika bara ya Mombasa, mbele ya Changamwe. Wajomvu ni katika zile Taifa Kumi na Mbili za Mombasa. Zamani pakihesabiwa pamoja na Changamwe. Tangu 2013 Jomvu ni jimbo la uchaguzi peke yake. Akina mama wa hapo wajulikana kwa ufinyanzi. Nikavuka feri, nikapanda matatu, vipande viwili vya chetezo vimefungwa katika leso mapajani mwangu kama mayai.

Nilielekezwa kwa bi mkubwa mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mkeka uani, miguu ameinyosha. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba. Alipovipokea vile vipande hakutazama marembo ya nje niliyokuwa nikiyaonea fahari. Alivigeuza akatazama pale palipokatika.

"Aliyekifanya alikuwa na haraka," akasema. "Tia mato hapa. Mguu ameukwaruza, kikombe amekiwacha laini. Kina miaka mingapi?"

Nikamwambia yapita arobaini.

"Basi haraka yake ilikuwa na baraka."

Nikatazama. Kweli, juu ya mguu palikuwa na mistari iliyokatana kama wavu, na katikati yake alama ya kidole gumba, dogo, la mwanamke. Miaka yote ile alama hiyo ilikuwa imefichika ndani ya chombo, na mimi ndimi niliyeifunua kwa uzembe wangu.

Nikamwomba anipakie udongo wa majimaji, ule wauitao uji, avigandanishe tena. Hakunijibu. Alichovya kidole ndani ya kibakuli, akapaka juu ya kigae cha nyungu kuukuu, akakiweka juani, tukanywa chai. Tulipomaliza alikigusa, na ule uji ukabanduka wote kama ukoko.

Hapo ndipo penye siri, na si ya uchawi. Udongo mbichi, hata ukikauka ukawa mgumu, ukiutia maji warudi kuwa tope. Lakini ukichomwa kupita kiasi cha digrii 500, hutoka hata yale maji yaliyofungamana na udongo wenyewe, na tangu hapo hauwi tope tena. Uji utashikana na nini? Kuunga kwataka pande zote mbili ziwe mbichi.

Sote tumelelewa na methali isemayo udongo uwahi uli maji. Nilipomtajia bi mkubwa, alikubali nusu. "Ukiwa maji sana, kikombe kitaulemea mguu ulale. Ngoja ukazane kidogo, ukiubonyeza ubonyee lakini usinate. Na vyote viwili viwe hali moja."

Akanionyesha. Aliukwaruza mguu kwa kijiti, akakikwaruza na kitako cha kikombe, akapaka uji wa udongo ule ule pande zote mbili, upako mwembamba. Kisha akavikutanisha, huku akikizungusha kikombe kidogo kidogo na kukikandamiza mpaka uji ukachuruzika nje na pumzi ikatoka. Mwisho akasokota uzi wa udongo, akauzungushia shingoni na kuusawazisha kwa kidole mpaka pasijulikane kuwa palikuwa na vitu viwili.

Ile "hali moja" ndiyo niliyoiona ngumu kuliko yote. Udongo una chembe nyembamba, bapa, na maji katikati yake. Maji yakitoka chembe husogeleana na chombo hunywea; udongo mwingi hupungua sehemu 5 mpaka 10 na zaidi katika kila 100. Mguu uliokauka umekwisha kunywea, kikombe kibichi bado; kinapoanza kujivuta mguu haufuati, nao ufa huingia shingoni. Na uji, kwa kuwa una maji kushinda vyote, hupungua zaidi. Ndiyo maana haupakwi mwingi kama siagi.

Hata birika la kauri huungwa mkono na mdomo wake kwa njia iyo hiyo. Katika makumbusho ya Fort Jesus, yaliyofunguliwa 1960, watu husimama mbele ya vyombo vya Kichina na kuvipita vigae vya nyungu zetu. Nami nilikuwa mmoja wao.

Nilifanya changu pia. Siku tatu baadaye nilipokwenda kukitazama, shingoni palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilikuwa nimekiweka penye upepo ili kikauke upesi; chake alikifunika kwa kitambaa kibichi. Bila ya kunihurumia alikiponda changu, akakitupa ndani ya ndoo ya maji. "Hakijaona moto. Charudi."

Nilimwuliza kama binti zake wafinyanga. Akasema mmoja ajua, lakini ana kazi ya mshahara. Huja siku za mapumziko, akachoka upesi.

Chetezo chake kilipotoka motoni nilikilipia nikakipeleka Likoni, kizuri, chekundu, na shingo madhubuti. Mama alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, akakisifu, akakiweka kabatini. Kisha akachukua mkebe wa maziwa, akautia mchanga, akakikalisha juu yake kikombe cha nyanya kisicho mguu, na humo akatia makaa na ubani wa Alhamisi ile.