Umeme wa Kutuliza Mkono

Mkono ukilala mapajani, unatulia. Ukinyooshwa kushika kijiko, ndipo unaanza kutetemeka, na kadiri unavyokikaribia ndivyo unavyozidi. Mtetemeko huu huwapata wengi wenye maltipo sklerosisi, MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mayelini, yaani utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva. Makovu ya mashambulizi hayo yakiwa kwenye ubongo mdogo ulio kisogoni, au kwenye njia zitokazo humo kwenda thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, ubongo hushindwa kusahihisha mwendo wa mkono kwa wakati. Dawa za kumeza mara nyingi hazifui dafu.

Simulizi ya tiba ya umeme kwa kawaida huanzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, Alim-Louis Benabid alipotuliza mtetemeko kwa kuchochea thalamasi kwa umeme wa mapigo ya haraka. Lakini mwaka 1980 Brice na McLellan wa Uingereza walikwishaandika katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa wa MS waliopata nafuu kwa umeme uliopelekwa ndani ya ubongo. Inasikitisha kwamba Marekani ilipoidhinisha tiba hii mwaka 1997, idhini ilihusu ugonjwa wa Parkinson na mtetemeko wa asili (essential tremor). Wa MS hawakutajwa.

Daktari hutoboa fuvu na kupitisha waya usiofika unene wa milimita 2 hadi kwenye thalamasi. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu, naye huombwa anyooshe mkono au achore duara huku umeme ukijaribiwa. Baadaye waya huunganishwa na kifaa chenye betri chini ya ngozi ya kifua, kinachopiga zaidi ya mara 100 kwa sekunde.

Umeme huo huvuruga mdundo wa mtetemeko. Haurudishi mayelini wala nguvu za misuli. Hapo ndipo penye uamuzi mgumu. Mkono wa MS unaweza kutetemeka, kudhoofika na kukosa shabaha kwa pamoja, na mkono dhaifu uliotulia bado hautamlisha mwenyewe. Ugonjwa nao huendelea, hivyo nafuu inaweza kupungua hata kifaa kikirekebishwa. Kwa maoni yangu, kabla ya kuzungumzia hatari ya damu kuvuja au maambukizi, daktari ampime mgonjwa kwa makini ajue ni kiasi gani cha ulemavu wake kinatokana na mtetemeko wenyewe, kisha amweleze waziwazi.