Kutoka "Amevunjika Mguu" hadi S72.3: Lugha, Jalada la Mgonjwa na Usimbaji wa Mivunjiko ya Mfupa wa Paja

Ikisiri
Makala haya yanafafanua jinsi maelezo ya mvunjiko wa mfupa wa paja yanavyogeuzwa kuwa msimbo wa kitakwimu, na jinsi upungufu wa maelezo hayo unavyoweza kupotosha mipango ya afya. Hoja yake kuu ni kwamba msimbo hauwezi kuwa bora kuliko sentensi iliyoandikwa katika jalada la mgonjwa. Katika Afrika Mashariki, sentensi hiyo mara nyingi huanzia katika Kiswahili.

1.0 Utangulizi
Mfupa wa paja ndio mrefu na imara kuliko mifupa yote ya mwili. Kwa kijana mwenye afya, huvunjika kwa kishindo kikubwa, kama ajali ya pikipiki. Kwa mzee ambaye mifupa yake imedhoofika, kuteleza bafuni kwaweza kutosha. Tukio la kwanza linahusu usalama barabarani. La pili linahusu uzee na afya ya mifupa. Daktari anapoandika "mvunjiko wa paja" na kuishia hapo, matatizo haya mawili huhesabiwa kama tatizo moja.

2.0 Muundo wa Misimbo
Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la kumi (ICD-10), uliidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990. Mivunjiko ya mfupa wa paja imewekwa katika kundi S72, na tarakimu ifuatayo huonyesha mahali: S72.0 ni shingo ya mfupa, S72.1 ni eneo la vinundu vya juu viitwavyo trokanta, S72.2 ni chini ya vinundu hivyo, S72.3 ni sehemu ndefu ya katikati, na S72.4 ni ncha ya chini karibu na goti. S72.9 hutumika pale ambapo sehemu haikutajwa.

Tarakimu ya ziada hutenganisha mvunjiko uliofungika (0) na mvunjiko wa wazi (1), yaani ule wenye jeraha linalofika kwenye mfupa. Kanuni ina athari kubwa hapa: pasipotajwa lolote, mvunjiko husimbwa kuwa uliofungika. Kwa hiyo ukimya wa daktari hausomwi kuwa ukosefu wa taarifa, bali husomwa kuwa jibu. Jeraha la wazi, lenye hatari kubwa ya maambukizi, hutoweka katika hesabu.

Msimbo wa jeraha huambatana na msimbo wa kisababishi cha nje. Makundi V20 hadi V29 ni ya watu waliokuwa juu ya pikipiki, V02 ni ya mtembea kwa miguu aliyegongwa na chombo cha moto cha magurudumu mawili au matatu, na W00 hadi W19 ni ya kuanguka.

3.0 Sentensi ya Kiswahili Mlangoni mwa Hospitali
Mgonjwa, au ndugu aliyemleta, mara nyingi husimulia tukio kwa Kiswahili, ilhali jalada huandikwa kwa Kiingereza au, kama ilivyo Burundi na Kongo, kwa Kifaransa. Katika uhamisho huo maana inaweza kupotea.

Mfano wa kwanza ni kauli "amevunjika mguu". Katika Kiswahili, mguu huanzia nyongani hadi wayoni. Kauli hiyo ikinakiliwa bila uchunguzi kuongezwa, msimbaji hana msingi wa kuchagua kati ya S72 ya paja na S82 ya muundi. Hulazimika kutumia T12, msimbo wa mvunjiko wa mguu usiojulikana sehemu.

Mfano wa pili ni kauli "alianguka na pikipiki". Kitenzi "kuanguka" humvuta msimbaji kwenye kundi W, kana kwamba mtu alijikwaa uani. Kumbe tukio ni ajali ya usafiri, na ikiwa pikipiki haikugongana na chochote, kundi lake ni V28. Isitoshe, kauli hiyo haisemi kama aliyeanguka ni dereva au abiria, ingawa barabarani misimbo yao hutofautiana: V28.4 kwa dereva na V28.5 kwa abiria. Ajali ya bodaboda huweza hivyo kuingia katika takwimu za kuanguka.

4.0 Athari kwa Sera
Tuchukulie, kwa mfano wa kubuni, hospitali mbili za wilaya, kila moja ikiwa imeripoti mivunjiko 50 ya S72.9. Katika ya kwanza, wengi ni waendesha bodaboda waliovunjika sehemu ya katikati. Hawa huhitaji msumari mrefu wa chuma upitishwao ndani ya mfupa, na huenda wakahitaji damu, kwa kuwa paja moja laweza kuficha zaidi ya lita moja ya damu iliyovuja. Katika ya pili, wengi ni wazee waliovunjika shingo ya mfupa. Baadhi yao huhitaji kiungo bandia cha nyonga, na wote huhitaji kuchunguzwa udhaifu wa mifupa. Mpangaji anayeona "50" mara mbili atazipelekea hospitali zote mbili vifaa vilevile.

5.0 Mapendekezo
Toleo la kumi na moja (ICD-11), lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, linaruhusu misimbo kuunganishwa ili kuongeza maelezo. Hata hivyo, mfumo mpana hauzalishi taarifa ambayo haikuandikwa. Hatua zifuatazo zinaweza kutangulia:

(a) Fomu ya mapokezi iwe na nafasi sita za lazima: upande, sehemu ya mfupa, wazi au uliofungika, kisababishi, nafasi ya majeruhi (dereva, abiria, mtembea kwa miguu) na hali ya mfupa kabla ya tukio.
(b) Maswali ya kisababishi yaandaliwe kwa Kiswahili sanifu na kujaribiwa kwa wasemaji wa maeneo mbalimbali.
(c) Msimbaji awe na mamlaka ya kurudisha jalada kwa daktari kabla ya kutumia S72.9 au T12.

6.0 Hitimisho
Usimbaji huonekana kuwa kazi ya mwisho ya karani, ilhali ubora wake huamuliwa na swali la kwanza analoulizwa majeruhi. Pale swali hilo linapoulizwa kwa Kiswahili, usanifishaji wa istilahi za majeraha ni sehemu ya sera ya afya.